Fundi wa Tovuti Asiyesema Alipo

Mume wangu huenda kazini kila asubuhi, na kazini kwenyewe ni sebuleni kwetu. Huamka, hutandika kitanda mpaka shuka haina hata mkunjo, hunyoa ndevu, hupiga pasi shati, hung'arisha viatu, kisha hutoka chumbani na kuvuka zulia mpaka kwenye meza yake. Huvuta kiti, huketi, huwasha kompyuta. Amevaa viatu, jamani, ndani ya nyumba yake mwenyewe! Siku za mwanzo nilimnunulia kandambili apumzishe vidole, akanitazama utadhani nimemwambia aende kazini na taulo. Kandambili zikakaa chini ya meza na karatasi yake ya dukani, nami nikaacha kusema. Mtu ukimpata ameshakomaa, unamchukua na mikunjo yake, au kwa huyu wangu, na kukosa mikunjo kwake.

Mimi ni fundi cherehani. Upande wa mlangoni wa sebule hiyohiyo ni wangu: cherehani, meza ya kukatia, kioo kirefu, benchi la wateja na chuma cha kutundikia nguo zilizokwisha. Nyuma ya chuma hicho, kwenye kona ya ndani, ndiko kwake. Alichagua mwenyewe kona ile kwa sababu mgongo uko ukutani na macho yako mlangoni. Wateja wangu huingia, hunipa vitambaa, hunipa na umbeya wa mtaa mzima, na wengi huondoka bila kujua kwamba nyuma ya magauni kuna mwanamume. Ametulia kama maji mtungini. Akikohoa, wageni hushtuka.

Kabla ya hapo alikuwa askari, tangu ujanani mpaka mvi zilipoanza kumwota juu ya masikio. Hakuwa mtu wa bunduki sana, alikuwa mtu wa redio. Alipokea maneno ya wenzake na kuyapeleka mbele, na kuhakikisha asiyehusika hapati hata neno moja. Somo la kwanza walilopewa, aliwahi kuniambia, lilikuwa hili: husemi jina lako, husemi jina la mkubwa wako, husemi ulipo. Na kweli alilishika. Alikuwa akinipigia simu kutoka huko alikokuwa, nami namwuliza, "Uko wapi?" Anajibu, "Niko salama." Nauliza tena, labda hakusikia. "Niko salama, mama. Nyie mnaendeleaje?" Binti yetu akazaliwa, akakaa, akatambaa, akasimama dede, na jibu lilikuwa hilohilo. Mwishowe nikaacha kuuliza. Simu ikilia namwambia mimi mwenyewe, "Uko salama?" Anasema ndiyo, tunaendelea na habari za meno ya mtoto na paa linalovuja.

Alipostaafu, wenzake wengi walikwenda kulinda mageti. Yeye akasema geti hapana. Kompyuta alikuwa amezizoea kwenye karakana yao ya mawasiliano, basi akajiandikisha chuo cha jioni, akakaa darasani na vijana wa rika la binti yake waliomwita baba na kumwazima chaja. Huko ndiko alikojifunza kutengeneza tovuti, zile kurasa ambazo mtu hufungua kwenye simu akitafuta duka, shule au daktari. Alimaliza bila mwajiri na akasema mwajiri hamtaki. "Nimepokea amri za kutosha," akasema. "Sasa nitajiamuru mwenyewe." Nikamwambia basi ajiamuru na kuosha vyombo. Akasema hiyo ni amri kutoka juu, akaenda kuviosha.

Majirani waliposikia ana kompyuta wakaanza kumletea pasi zilizoungua na redio zenye mafua. Kwao fundi ni fundi. Alizitengeneza bila kinyongo, lakini nilijua si hilo alilolisomea.

Sasa niseme kilichokuwa kinaniwasha moyoni. Mume wangu ana rafiki wa jeshini anayeitwa Kamba, kwa urefu wake na wembamba wake. Kamba alikuwa anakusanya askari wastaafu kwenda nchi ya mbali kulinda mitambo ya kampuni fulani, kwa mkataba wa miaka miwili. Anayetaka anafika ofisini kwao Ijumaa ya mwisho wa mwezi na hati yake ya kusafiria, anasaini, na safari ni siku hiyohiyo. Mume wangu hakumwambia ndiyo, hakumwambia hapana. Mimi aliniambia, huku anakoroga chai, "Kama hii kazi ya tovuti haitasimama, nitakwenda na Kamba." Na kazi ya tovuti ilikuwa haijasimama. Ilikuwa imekaa kitako.

Sikumwambia asiende. Mke wa askari ana adabu yake: begi likifungwa unatazama zipu, husemi neno. Nimeishi hivyo ujana wangu wote na ulimi ulishazoea. Lakini ndani nilikuwa naungua. Mume wangu nilikuwa nimempata uzeeni, ndiyo kwanza najua anakoroma akilalia upande gani, na Kamba anataka kumrudisha kwenye "niko salama".

Mteja wake wa kwanza wa maana alikuwa mkunga. Mama huyu ana nyumba ya kujifungulia mtaa wa pili, nyumba safi yenye kuta nyeupe, na wakati huo alikuwa amehamia hapo karibuni. Wajawazito walikuwa wanakwenda kule alikohama, wanakuta duka la matairi. Akataka tovuti ili watu wajue alipo. Hapo nasisitiza: wajue alipo. Hakutaka kingine.

Mume wangu aliifanya kazi ile kwa moyo wote. Alikwenda kupiga picha, akarudi, akakaa nayo siku nyingi. Aliujaribu ukurasa kwenye simu kubwa, kwenye simu ndogo, na kwenye simu yangu yenye ufa. Ulifunguka kabla hujapepesa macho. Siku ya kumkabidhi mkunga nilifuatana naye, kwa kuwa nilikuwa napeleka makoti ya wauguzi niliyowashonea.

Mkunga akavaa miwani, akashika simu. Akateremka mpaka chini, akapanda tena juu, akateremka.

"Ni pazuri," akasema. "Ni wapi?"

"Ni hapa," mume wangu akajibu.

"Hapa kwangu? Mbona nyumba haina namba?"

Namba ya nyumba yake imepakwa mlangoni kwa rangi nyekundu, kubwa, hata kipofu angeipapasa. Lakini pichani, pale penye namba, palikuwa na ukungu mweupe.

"Nimeificha," mume wangu akasema. "Kwa usalama."

"Na huyu ni nani?"

Mwanamke wa pichani alikuwa na koti la mkunga, mwili wa mkunga, na mahali pa uso ukungu uleule. Chini yake paliandikwa: Mkuu wa Kituo.

"Ni wewe," mume wangu akasema.

Mkunga akaiweka simu mezani taratibu. "Baba, hebu nieleweshe. Mama ameshikwa na uchungu, anafungua hii. Atafikaje hapa?"

"Atapiga simu."

"Namba ya simu iko wapi?"

"Anaipata akishajaza fomu. Jina lake, anakotoka, nani aliyemtuma, na sababu ya kuja."

"Sababu ya kuja," mkunga akarudia. "Mtoto ametanguliza kichwa, mama anajaza sababu ya kuja!"

Nilijizuia nikashindwa. Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Muuguzi aliyekuwa anajaribu koti akaangua kicheko naye, kisha mkunga mwenyewe, tumbo likimtikisika. Mume wangu alisimama wima katikati yetu, jasho limemtoka puani, macho yametazama mbele. Alikuwa hajaona kosa mpaka dakika ile. Kwake yeye alikuwa amemfanyia mama yule hisani kubwa kuliko zote anazozijua.

"Baba," mkunga akasema akifuta machozi, "mficha uchi hazai. Na hapa kwangu kazi ni kuzaa tu."

"Nimekupata," mume wangu akasema. Jioni ileile namba ya nyumba ikarudi, uso wa mkunga ukarudi na meno yake yote, namba ya simu ikapanda juu kabisa kwa maandishi makubwa, na ramani ikawekwa. Wajawazito wakaanza kufika. Mkunga akawa anamsifia kwa kila aliyekwenda kuona mtoto.

Ungedhani amejifunza. Kwa ukurasa wa mkunga, ndiyo. Kwa ukurasa wake mwenyewe, thubutu! Alikuwa na ukurasa wa kujitangaza, nami niliufungua siku moja nikisubiri pasi ipate moto. Juu paliandikwa Huduma za Tovuti. Picha ilikuwa ya mlango uliofungwa. Chini yake: "Tuna uzoefu wa muda mrefu." Tuna, sisi nani? Yuko peke yake na mimi hapo simo. Uzoefu wa nini? Hakusema. Namba ya simu hakuna. Kulikuwa na fomu ileile: wewe nani, unatoka wapi, nani kakutuma, unataka nini.

Nikamwambia. Akasema kizuri chajiuza.

"Kizuri chajiuza kikiwa barazani," nikamwambia. "Hakijiuzi kikiwa uvunguni."

"Nimekupata," akasema, na ukurasa ukabaki vilevile.

Hapa lazima nieleze kidogo. Kwa watu wa redio, nimekupata maana yake ni kwamba maneno yako yamefika, hayakukatika njiani. Si kwamba wamekubali, wala kwamba watafanya. Ilinichukua ndoa nzima kulielewa hilo. Binti yetu, ambaye ana kwake sasa na mdomo kanizidi, akiambiwa "nimekupata" na baba yake, humjibu, "Haya, sasa nipe na jibu."

Basi mwezi ukaenda. Kila asubuhi viatu viling'arishwa, kiti kikavutwa, fomu ikangojewa. Hakuna aliyeijaza. Siku moja aliinuka kunyoosha mgongo, akasema kwa utulivu kabisa, "Hawanihitaji. Labda hii ni kazi ya vijana." Alasiri hiyo Kamba akapiga simu, nami nikamsikia mume wangu akimwuliza huko waendako baridi yake ikoje. Nikajichoma sindano kidoleni.

Wiki ile ya mwisho wa mwezi, siku ya Jumanne, alikuja muuza mbao wa barabara kuu pamoja na mkewe. Mkewe alikuwa na gauni la kuongezwa kiunoni. Yeye akakaa kwenye benchi kumsubiri, na mwanamume anayemsubiri mkewe apimwe lazima atafute la kusema.

"Mama fundi, wewe unajua watu. Nani aliyemtengenezea mkunga tovuti yake?"

Futi ya kupimia ikasimama mkononi mwangu, kwenye kiuno cha mkewe. "Unamtakia nini?"

"Anitengenezee ya mbao zangu. Na ndugu yangu mwenye shule anamtaka pia. Tumemtafuta mpaka tumechoka. Mkunga anasema alimwahidi huyo fundi kutosema anakoishi wala kutoa namba yake, nijaze fomu. Nikafungua hiyo fomu, naulizwa mimi nani, natoka wapi, nani kanituma. Nikadhani nimeingia kituo cha polisi. Nikafunga haraka."

Mkewe akacheka. Mimi sikucheka. Niligeuza macho polepole kwenye chuma changu cha nguo. Katikati ya gauni la njano na suruali za shule nilimwona mume wangu. Vidole vilikuwa juu ya kompyuta na vimetulia. Alikuwa amesikia kila neno.

Nikangoja. Ningeweza kusema mimi, ni kweli, lakini mdomo ni wake na kazi ni yake, na nilitaka aseme mwenyewe. Ilikuwa ainuke tu, asogeze gauni la njano, aseme "mimi hapa". Hata kukohoa kungetosha.

"Basi," muuza mbao akaendelea, "kama hapatikani, kuna kijana mwingine nimeongea naye. Alhamisi namalizana naye. Siwezi kumtafuta mtu asiyetaka kutafutwa."

Gauni la njano halikusogea.

"Mama fundi," mkewe akasema kwa sauti ndogo, "unanikaba."

Nikalegeza futi, nikaandika vipimo, nikawaaga. Walitoka. Mume wangu aliwaacha watoke. Nikafunga mlango, nikausogezea na benchi.

"Umesikia?"

"Nimesikia," akasema nyuma ya nguo.

"Na umenyamaza."

"Hakuniuliza mimi. Na simjui yule mtu."

"Humjui! Amekalia benchi langu, anaitaja kazi yako, mko pua na mdomo, wewe umejibanza nyuma ya suruali za watoto! Halafu unaniambia hawakuhitaji! Ulitaka waje na mbwa wakunuse?"

Na hapo lile nililokuwa nimelimeza miaka yote likapanda lenyewe, wala sikulirudisha.

"Sitaki uende," nikamwambia. "Nasema leo kwa sababu sijawahi kusema. Kila ulipofunga begi nilinyamaza. Sasa sinyamazi. Sitaki uende na Kamba. Sitaki kuishi na simu. Binti yako alizaliwa sijui uko wapi, na mpaka leo sijui ulikuwa wapi. Umestaafu, umerudi, unatembea na viatu humu ndani, na bado sijui."

Nikamsikia akivua miwani na kuiweka mezani.

"Nilikuwa kwenye shule," akasema.

Sikuelewa. "Shule gani?"

"Alipozaliwa. Ilikuwa shule iliyoachwa, haina paa. Tulikuwa tunalala darasani. Ubaoni palikuwa na hesabu za kutoa, mwalimu wao hakuwahi kuzimaliza. Habari za mtoto nilizipata hapo, kwa redio, kwa maneno ya kificho: mzigo mdogo umefika salama. Nilitaka kuuliza ni wa kike au wa kiume. Haikuruhusiwa." Nikamsikia akiisogeza miwani. "Nikachukua chaki, nikazimaliza zile hesabu."

Nilikaa kwenye benchi. Maisha yangu yote na mtu huyu nilikuwa sijawahi kusikia habari za shule hiyo.

"Na kulikuwa na kijana," akaendelea, "kwenye kituo kingine. Mchangamfu, mwongeaji. Siku moja alitaja jina la daraja redioni. Walikuwa wamelala karibu na hilo daraja. Alitaja jina tu, hakusema kingine. Mimi ndiye niliyekuwa namsikiliza upande wa pili. Nikajua palepale kwamba si mimi peke yangu niliyemsikia. Asubuhi niliwaita. Niliwaita sana."

Nje mtu alipita akisukuma mkokoteni, magurudumu yakilia, mpaka ukafika mbali. Nilimwonea huruma mume wangu. Na nilijionea huruma mwenyewe, siwezi kudanganya.

"Kwa hiyo ukiniambia niandike nilipo," akasema, "kichwa kinakubali. Mkono ndio unakataa."

Nikasogeza gauni la njano ili nimwone. Alikuwa mtu mzima aliyechoka, na shati limenyooka.

"Hapa hakuna anayekusikiliza kwa ubaya," nikamwambia. "Hapa ni muuza mbao tu."

"Nimekupata, mama," akasema.

Basi nikarudi kwenye gauni langu nikiwa sijui lolote jipya kuhusu safari ya Kamba. Maneno yalikuwa yamefika. Jibu sikupewa.

Siku ya pili yake alitoka bila kuniambia anakokwenda. Niliambiwa jioni na mke wa muuza mbao alipofuata gauni lake. Alikwenda mpaka kwenye ghala la mbao, akasimama mbele ya mumewe, mikono imebana mwilini, akasema, "Mimi ndiye." Mumewe akamwuliza, "Wewe ndiye nani?" Mama yule alikuwa anacheka mpaka anapangusa macho: "Na hapo alikwama, mama fundi! Alifikiria kama aliyeulizwa jina la babu wa babu yake!" Lakini alilitaja jina, wakaongea, wakaelewana kuhusu mbao. Ya shule wakasema wataona.

Nilifurahi, lakini si sana. Kazi moja ya mbao na nyingine ya wataona si miaka miwili ya mkataba, na hilo yeye alilijua kuliko mimi. Alhamisi Kamba akapiga tena. Mume wangu alimjibu kwa ufupi: "Ndiyo. Kesho saa nne. Nimekupata." Akakata simu, akaendelea kubonyeza kompyuta, wala hakuinua uso. Sikuuliza. Nilikuwa nimeshasema langu, na la pili lingekuwa kubembeleza.

Ijumaa akaamka, akatandika kitanda, akanyoa ndevu, akapiga pasi shati, akang'arisha viatu. Hapo ndipo mtu wa namna hii anapoweza kukuua kwa presha. Anavaa kwenda sebuleni kama anayevaa kwenda ng'ambo, sasa utajuaje? Nikatazama juu ya kabati, begi lilikuwepo. Lakini yeye hufunga begi kabla chai haijapoa, nimeliona hilo mara nyingi. Droo ya hati za kusafiria sikuifungua. Na mimi nina kiburi changu.

Nilikuwa na koti la mteja lililohitaji bitana, na siwezi kumwacha mteja kwa sababu moyo unanidunda. "Naenda duka la vitambaa," nikasema. "Haya, mama," akajibu kutoka kwenye kona yake. Nikasimama mlangoni kidogo, nikijifanya natafuta pochi ambayo nilikuwa nimeishika, labda ataongeza neno. Hakuongeza. Nikaenda.

Mwenye duka ananifahamu. Akanitandazia bitana mezani, ya kijivu na ya bluu iliyoiva, akaniuliza koti lenyewe ni la rangi gani. Nami, fundi mzima, ninayejua kitambaa hata nikiwa nimefumba macho, nikasimama pale nimesahau. Lile koti lilikuwa mikononi mwangu jana kutwa na sikukumbuka rangi yake. Ukutani saa nne ilikuwa imeshapita.

Nikampigia mume wangu simu ili nimwulize rangi ya koti. Iliita, ikaita. Nikasema basi, ameshakwenda, simu iko ndani ya begi. Ikapokelewa.

"Haloo."

Nyuma yake nilisikia sauti za wanaume, mmoja anacheka. Nikaona sura ya Kamba, nikaona na wenzake wamejipanga na mabegi. Nilikuwa nimejiandaa kuuliza koti. Kilichotoka mdomoni ni lile swali ambalo nilikuwa nimelizika zamani.

"Uko wapi?"

Nilimsikia akivuta pumzi, nami nikajikaza kupokea maneno yale mawili.

"Niko nyumbani," akasema. "Sebuleni, kwenye meza yangu. Chuma chako cha nguo nimekisogeza ukutani, watu wananiona. Muuza mbao amekalia benchi lako, na ndugu yake wa shule yuko naye. Wamekuja wenyewe. Niliandika jana kwenye ukurasa: nyumba ya kona, mlango wa kijani, kwa mama fundi, ingia bila kubisha. Wameingia bila kubisha." Akapunguza sauti. "Kamba nimempigia saa nne, kama nilivyomwahidi. Nimemwambia waondoke, wasiningoje. Chai iko jikoni, yako nimeifunika."

Mwenye duka akaniuliza mbona natokwa na machozi. Nikamwambia ni vumbi la vitambaa.

"Mama?" mume wangu akasema. "Umenipata?"

"Nimekupata," nikamjibu, na siku hiyo nilimaanisha kila kitu ambacho neno hilo linaweza kubeba. "Hebu nitazamie lile koti la kwenye cherehani. Ni la kijivu au la bluu?"

"Ngoja nikaone," akasema. Nikamsikia akisukuma kiti, kisha nikasikia kandambili zikipiga sakafu, pa, pa, pa, kuja upande wangu wa chumba.